Thamani ya Ndege na Deni la Mtazamaji

Safari za wanadamu ni nyingi, na kila safari hujulikana kwa kitu kitafutwacho. Mfanyabiashara husafiri kwa ajili ya faida, mwanafunzi kwa ajili ya elimu, hujaji kwa ajili ya ibada, na mchungaji kwa ajili ya malisho na maji. Katika zama hizi iko safari nyingine ambayo wazee wa kale wangaliistaajabia. Mtu mzima, mwenye akili timamu, huacha kazi yake na jamaa zake, akavuka bahari na nchi, akapanda gari siku kutwa katika vumbi na jua, ili amtazame ndege mmoja mdogo kwa muda wa dakika tano, kisha ageuke arudi alikotoka. Hakumla, hakumfuga, hakumuuza, wala hakumgusa. Alimtazama tu, akaandika jina lake katika orodha, akafurahi.

Ni rahisi kumcheka mtu huyo, na wako wamchekao. Lakini kicheko si hoja. Jambo lifanywalo na watu wengi kwa gharama kubwa na kwa moyo wa hiari lastahili kupimwa kabla ya kusifiwa au kulaumiwa. Maswali ya kulipimia ni mawili. La kwanza, ni kitu gani kimpacho ndege yule thamani hata akastahili safari? La pili, mtazamaji akiisha kumwona, ana deni gani kwake, na kwa nchi ile, na kwa watu wake?

Mfano mwema uko kaskazini ya Kenya. Apitaye barabara itokayo Isiolo kwenda Moyale, akiisha kuuacha mlima wa Marsabit na msitu wake, huingia katika uwanda wa Dida Galgalu. Hapo nchi ni mawe ya volkano yaliyotapakaa juu ya udongo mwekundu, na majani machache, na vichaka vifupi, na upepo. Msafiri wa kawaida hufunga dirisha la gari na kuomba njia iishe. Mtazamaji wa ndege husimamisha gari papo hapo, hushuka, na hutembea polepole katikati ya mawe, maana huko ndiko aishiko kipozamataza mmoja ambaye hajulikani kuwako popote duniani ila katika nchi kavu za kaskazini ya Kenya. Ndege huyu ni mdogo, na rangi yake ni ya udongo na mawe. Aliingizwa katika vitabu vya elimu mwaka 1956, akaitwa kwa jina la John G. Williams, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, ambayo wakati huo yaliitwa Coryndon. Asiyejua angeweza kumpita mara mia asimtambue.

Katika safari hiyo hiyo mtazamaji amekwisha kuwapita hua wakinywa maji kando ya njia, na kwezi wang'aao kama hariri ya buluu, wakiokota makombo penye mikahawa. Kwa uzuri wa macho kwezi humshinda kipozamataza kama mchana uushindavyo usiku. Hata hivyo darubini haikuinuliwa. Sababu ni moja: kwezi wako wengi kila mahali, na kipozamataza wa Dida Galgalu ni adimu. Basi kwa watu wengi wafanyao safari hizi, jibu la swali la kwanza ni uadimu. Ndege ana thamani kwa kuwa hapatikani kwingine, na aliyemwona ana kitu ambacho wenzake hawana.

Katika soko uadimu ni sababu njema ya bei. Dhahabu ni ghali kwa kuwa ni haba, na maji ni rahisi kwa kuwa ni mengi, ijapokuwa mtu aweza kuishi miaka sabini bila dhahabu, asiweze kuishi siku saba bila maji. Lakini bei ni kitu kimoja na thamani ni kitu kingine. Bei huonyesha jinsi watu wanavyokigombea kitu. Thamani huonyesha jinsi kitu kilivyo. Achanganyaye hiki na kile hujiingiza katika fikira ya ajabu. Kama uadimu ndio thamani ya ndege, basi mharibifu wa ndege ni mfadhili wao, maana auaye nusu ya ndege wa aina moja ameiongezea thamani nusu iliyosalia, na awamalizaye wote ila mmoja amemfanya huyo mmoja kuwa johari.

Jambo hili si la kubuni tu. Yuko ndege mrefu wa mbugani, atembeaye kwa miguu kama mtu mwenye shughuli zake, mwenye manyoya ya kisogoni mfano wa kalamu zilizochomekwa nyuma ya sikio, ambaye kwa Kiswahili huitwa karani tamba. Zamani alikuwa akionekana sana katika mbuga za Afrika. Idadi yake imepungua, na mwaka 2020 aliingizwa katika daraja la ndege walio hatarini kutoweka duniani. Mtazamaji wa leo amwonapo karani tamba hushangilia kuliko mtazamaji wa zamani. Je, karani tamba amekuwa bora? Hakuongezewa hata unyoya mmoja. Kilichoongezeka ni msiba wake. Furaha iliyojengwa juu ya msiba wa mwingine yataka kuchunguzwa sana na mwenye furaha hiyo, asije akawa mfano wa mtu afurahiaye njaa kwa sababu ghala lake limejaa.

Uko mfano mwingine unaoligusa swali hili kwa undani zaidi. Mwaka 1988, penye mji wa Bulo Burti katikati ya Somalia, alionekana ndege wa jamii ya tiva ambaye rangi zake hazikulingana na za tiva waliokwisha kuandikwa vitabuni. Mwaka uliofuata alikamatwa. Alikuwa mmoja, na hakujulikana mwingine wa namna yake. Kwa miaka mingi desturi ya elimu ya ndege ilikuwa kwamba ndege mpya huuawa, ngozi yake hukaushwa na kujazwa pamba, naye huwekwa katika sanduku la makumbusho awe shahidi wa jina lake. Wataalamu waliomshika tiva yule walijizuia. Waliona kwamba kumwua ndege aliye peke yake ili kuthibitisha kuwa yuko ni kama kuivunja nyumba ili kuthibitisha kuwa ilijengwa. Walichukua damu na manyoya yake, wakachunguza chembe za urithi wake, na mwaka 1990 wakamwachilia katika hifadhi ya Balcad. Mwaka 1991 walitangaza kwamba ni aina mpya, wakampa jina la Kilatini liberatus, yaani aliyeachwa huru. Walikuwako wataalamu walioteta, wakisema kwamba jina lisilo na mwili wa kuonyesha ni ushahidi usio na shahidi.

Mwaka 2008 uchunguzi mpya wa chembe za urithi ulionyesha kwamba ndege yule hakuwa aina mpya hata kidogo. Alikuwa tiva wa Kisomali aliyekwisha kujulikana zamani, ila amevaa rangi isiyo ya kawaida. Jina likafutwa. Aina iliyokuwa adimu kuliko zote, yenye ndege mmoja tu duniani, ikawa si kitu.

Hapa pana swali ambalo mtazamaji wa ndege hawezi kulikwepa. Je, huruma ile ilipotea bure? Ashikaye kwamba thamani ya ndege ni uadimu wake hana budi kujibu ndiyo. Kwake yeye, kumbe kulikuwa na tiva wa kawaida mikononi mwa watu, na tiva wa kawaida hakustahili kulishwa zaidi ya mwaka mmoja na kurudishwa porini kwa uangalifu. Lakini mtu mwenye moyo hulikataa jibu hilo mara moja, hata kabla hajapata hoja ya kulikatalia. Ndege aliyeruka kutoka katika mikono ile mwaka 1990 alikuwa ndiye yule yule aliyepoteza jina mwaka 2008. Woga wake alipokamatwa ulikuwa woga ule ule, na mbawa zake alipofunguliwa zilikuwa mbawa zile zile. Kama ilikuwa haki kumwacha aishi alipodhaniwa kuwa wa pekee, haikuwa dhuluma kumwacha aishi alipojulikana kuwa mmoja wa wengi. Kosa la elimu lilisahihishwa na elimu. Tendo la huruma halikuhitaji kusahihishwa.

Itasemwa, na itasemwa kwa haki, kwamba majina na uadimu haviwezi kupuuzwa. Sheria hulinda kwa majina. Fedha za hifadhi ni chache, na mgawaji hana budi kujua ni aina gani iliyo ukingoni na ipi iliyo salama. Tabibu mwenye wagonjwa kumi na dawa ya wawili huanza na walio taabani. Hoja hii ni ya kweli, lakini tazama inavyosema. Tabibu humtangulia aliye taabani kwa sababu ya hatari yake, si kwa sababu ugonjwa umemfanya kuwa mtu bora kuliko wazima. Uadimu huonyesha nani asaidiwe kwanza. Hauonyeshi nani anastahili kuheshimiwa na nani hastahili. Jina ni kibuyu cha kuchotea maji, na mwenye kiu hukitunza kibuyu chake, lakini hakidhanii kuwa ndicho maji.

Itasemwa tena kwamba orodha ya mtazamaji haimdhuru mtu, na pengine humfaa sana mwenye kuiandika. Hili nalo ni kweli. Phoebe Snetsinger, mwanamke wa Marekani, aliambiwa na matabibu mwaka 1981 kwamba saratani aliyokuwa nayo ingemwua upesi. Hakujifungia ndani kuyangoja mauti. Alisafiri kutazama ndege katika mabara yote, akaendelea kuishi miaka kumi na minane, akawa mtu wa kwanza kujulikana kuwa ameona aina zaidi ya 8,000. Alikufa mwaka 1999 katika ajali ya gari huko Madagascar, akiwa katika safari ya ndege. Nani atathubutu kusema kwamba orodha ile ilikuwa upuuzi? Ilimpa mgonjwa sababu ya kuamka alfajiri, na sababu ya kuamka alfajiri ni neema isiyo ndogo. Basi lawama haiiangukii orodha. Huangukia mahali orodha igeukapo kuwa mwisho wa jambo badala ya mwanzo wake, na mtazamaji aandikapo jina ili apate ruhusa ya kuacha kutazama.

Ili kuipima tofauti hiyo, hapana budi kulilinganisha jicho la mgeni na jicho la jirani. Mlembe, yaani ndege aongozaye watu penye nyuki, ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara. Hana rangi za kusifiwa. Mtazamaji mwenye orodha humwandika siku moja, hamtafuti tena. Lakini Waborana wa kaskazini ya Kenya wamemjua mlembe kwa namna nyingine. Mtaalamu wa Kenya Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha mwaka 1989 matokeo ya uchunguzi wao wa jambo hili. Waliona kwamba katika nchi wasiyoizoea, watafuta asali wasioongozwa na ndege walitumia kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa nyuki wa porini, na walipoongozwa na ndege walitumia saa 3.2. Waliona pia kwamba ndege yule, kwa mlio wake na kwa jinsi arukavyo na kutua, humpa mtu habari za upande uliko mzinga na umbali wake. Wazee wa Kiborana walikwisha kuyajua haya kabla ya saa za mkononi kuletwa. Elimu ya vitabu ilikuja kuyapima na kuyathibitisha. Mtu hupiga mluzi, ndege hujibu. Ndege huonyesha njia, mtu huvunja mzinga. Mtu hupata asali, ndege hupata nta na majana. Hapa ndege hakuthaminiwa kwa uadimu. Amethaminiwa kwa kujulikana, na kujulikana huko kulitaka miaka mingi ya kusikiliza.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba jirani hupenda siku zote. Kwelea naye ni ndege wa nyika, na ni miongoni mwa ndege walio wengi kuliko wote duniani. Hukadiriwa kwamba kwelea mmoja aweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la kwelea milioni moja, basi, laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja, na yako makundi makubwa kuliko hilo. Mkulima wa mtama aliyeshinda shambani tangu alfajiri akipiga debe na kurusha mawe, naye akaona chakula cha watoto wake kinaruka angani, hawezi kuhubiriwa uzuri wa mbawa na mtu aliyekuja kwa wiki mbili. Kusema kwamba kila ndege ana thamani si kusema kwamba mkulima hana haki ya kulilinda shamba lake. Mtu naye ana thamani, na njaa si jambo la mchezo. Lakini hata hapa yako mema na maovu. Sumu inyunyiziwayo kutoka angani juu ya makundi ya kwelea huwaua pia mwewe na bundi walao mizoga yao, nao hawakuiba punje hata moja. Ashikaye kwamba wengi hawana thamani hataona sababu ya kutafuta njia nyingine. Ashikaye kwamba hata walio wengi wana thamani ataua akilazimika, atajuta akizidisha kipimo, na ataendelea kutafuta njia yenye madhara machache.

Sasa swali la pili laweza kujibiwa. Kama thamani ya ndege ni yake mwenyewe, na haikuletwa na orodha ya mgeni, basi mgeni ameingia katika nyumba ya mwingine, na mwingia nyumbani ana adabu zake. Deni lake la kwanza ni kwa ndege mwenyewe. Siku hizi wako watazamaji wachukuao sauti za ndege zilizonaswa katika mashine. Ndege asipoonekana, sauti hupigwa, naye hutokea mbio. Mtazamaji hudhani ameitwa na ameitika. Sivyo. Ndege ameisikia sauti ya mshindani aliyekuja kuinyang'anya nchi yake au kumchukua mwenzi wake, naye amekiacha kiota au chakula, akaja kupigana na adui asiyekuwako. Mara moja huenda isimdhuru. Lakini mahali ambapo wageni huja kila wiki kwa ajili ya ndege yule yule, vita vya uongo huwa kazi ya kila siku. Ndege hana lugha ya kushtaki, na kwa sababu hiyo hasa, kumdanganya kwataka aibu kubwa zaidi.

Katika jangwa deni hili huwa zito, kwa sababu huko uhai hupimwa kwa matone. Firigogo huweka kiota chake mahali pakavu, mbali na maji. Mwaka 1896 Mwingereza aitwaye Meade-Waldo, aliyewafuga ndege hao, aliandika kwamba dume hulowesha manyoya ya tumbo lake na kuwapelekea makinda maji. Wengi hawakumsadiki, hata mwaka 1967 Cade na Maclean walipothibitisha kutoka jangwa la Kalahari kwamba ndivyo ilivyo. Dume huingia majini, hutulia mpaka manyoya yameshiba, kisha huruka kilomita nyingi, na makinda hunyonya maji kutoka kifuani na tumboni mwake kama watoto wa wanyama wanyonyavyo maziwa. Mtazamaji asimamishaye gari ukingoni mwa kidimbwi cha pekee, apate kumwona firigogo kwa karibu, huenda akarudi na picha nzuri. Ndege waliozunguka juu wakaogopa kutua hawatakuwamo katika picha hiyo, wala makinda yaliyongoja. Kusogea nyuma hatua mia mbili humpunguzia mtazamaji uzuri wa picha. Kusogea mbele huweza kumpunguzia kinda uhai. Mizani ya haki haihitaji muda mrefu kuamua hapo.

Deni la pili ni kwa watu. Nyanda hizi si tupu. Wagabra, Warendile na Waborana huchunga ngamia na mbuzi mahali pale pale ambapo vitabu vya wageni huandika kuwa ni makao ya ndege fulani, na aghalabu mgeni huonyeshwa ndege na mtoto wa mchungaji kabla darubini yake haijamwona. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo watazamaji waitimizao methali hii: humlipa kiongozi wao ujira wa haki, huliuliza jina la ndege katika lugha ya nchi, huomba ruhusa kabla ya kupita penye kisima cha watu. Wapo pia wapitao kama upepo, wakijua majina ya ndege hamsini wa mahali wasipojua jina la mtu hata mmoja. Hao wa pili hawakuona nusu ya walichokwenda kutazama, maana ndege wa nyika huishi katika nchi iliyotunzwa au kuharibiwa na watu, na atakayeamua kama kipozamataza ataendelea kuwako si msafiri wa dakika tano.

Kwa hiyo safari ya kutazama ndege haistahili kicheko, wala haijistahilishi sifa kwa nafsi yake. Yaweza kuwa shule, na yaweza kuwa uwindaji usio na damu. Bunduki imewekwa chini katika mikono ya wengi, na hayo ni maendeleo makubwa ya karne moja. Lakini moyo wa mwindaji hauwekwi chini kwa kubadilisha chombo. Huwekwa chini mtu akubalipo kurudi bila kuona. Aliyefika Dida Galgalu, akatembea asubuhi nzima katikati ya mawe, kipozamataza asitokee, naye akaizuia mashine yake ya sauti, akamwachia ndege siku yake na nchi yake, orodha yake imebaki pungufu kwa jina moja. Amemtendea ndege asiyemwona kama amtendeavyo yule amwonaye, na huo ndio ushahidi kwamba ndege alikuwa na thamani machoni pake kabla ya kuonekana.